Mwenye Kufunga Ndiye Mwenye Kulisha



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Malindi alinijia barazani na swali ambalo sikupata kuulizwa katika miaka yangu yote ya ualimu. "Mwalimu," aliniambia, "mwanangu ameletewa kamba wawili, wazuri kupita kiasi. Tumewapa kila tulicho nacho na hawali. Naogopa watakufa njaa nyumbani mwangu, nami nitaulizwa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniinua nikafuatana naye.

Kijana wake yuko kidato cha pili. Kwa muda wa miaka miwili amefuga samaki wadogo wa baharini ndani ya tangi la kioo alilolinunua kwa akiba yake, na mkono wake ni mzuri: maji safi, pampu inafanya kazi, samaki wana afya. Kamba hao aliachiwa na jamaa aliyehamia Nairobi. Walikuwa wamejificha chini ya jiwe. Ukubwa wao haukufikia urefu wa kidole, miili yao myeupe kama maziwa, imetiwa madoa ya hudhurungi yenye ukingo wa buluu, na magando yao mapana yamekaa kama sahani mbili mbele ya uso. Kwa Kiingereza huitwa harlequin. Wataalamu humwita Hymenocera. Sisi tumwite kamba wa madoa.

"Umewapa nini?" nilimwuliza kijana.

"Chakula cha samaki cha dukani, mwalimu. Na vipande vya samaki, na nyama ya kamba, na mwani. Wanakuja, wanagusa, wanarudi."

"Kwa siku ngapi?"

Aliinamisha kichwa. "Kumi na moja."

Babu yake, mvuvi aliyestaafu, alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Aliinuka, akasogeza uso wake karibu na kioo, akatazama kwa kitambo. "Mjukuu wangu," alisema, "hawa nimewaona katika mapango ya mwamba, wawili wawili, dume na jike, juu ya kiti cha pweza aliyepinduliwa chali. Sijapata kuwaona wakila kitu kingine."

Mzee alisema kweli, na elimu ya leo inamuunga mkono. Kamba wa madoa chakula chake ni viti vya pweza. Humtafuta kwa harufu, akitumia vipapasio vyake vipana kama majani. Humnyanyua ukingo, humpindua, kisha huanza kula vile viguu laini vilivyo upande wa chini, kutoka ncha ya mkono kuelekea katikati. Kiti cha pweza mmoja huweza kuliwa kwa siku nyingi naye yu hai. Hakuna chembe za dukani wala minofu itakayoshika nafasi ya chakula hicho. Asipokipata, hukaa kimya akidhoofika, na mwenye nyumba hudhani ameridhika.

Kijana alifurahi kupata jibu, na furaha yake ikamtia haraka. "Jumamosi kuna bamvua, babu. Maji yakikupwa nitakwenda mwambani nikaokote hata kumi."

Hapo ndipo suala lilipokuwa kubwa kuliko tangi. Sehemu kubwa ya mwamba ulio mbele yetu imo katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya hifadhi hiyo hairuhusiwi kuokota kitu, hata kombe tupu, sembuse kiumbe hai. Nje ya hifadhi nako, biashara ya kukusanya viumbe wa mapambo inahitaji leseni ya idara ya uvuvi. Wala tusidhani sheria hizi zimeletwa na wageni tu ili kutunyima vyetu. Kule Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi wenyewe ndio waliokaa wakaamua, mwaka 2005, kufunga kipande cha bahari yao cha kiasi cha hekta 30, baada ya kuona samaki wamepungua. Miongoni mwa mambo yaliyowasikitisha ni jinsi samaki wa mapambo na matumbawe yalivyokuwa yakichukuliwa bila kiasi kwenda kujaza matangi ya watu wa mbali. Sasa tangi liko nyumbani kwetu, na kiasi kinatuhusu sisi.

Kwa hiyo tuliuliza kwa njia yake. Alipatikana mtu wa upande wa Kilifi mwenye leseni, ambaye hufuga viti vya pweza kwa ajili ya kazi yake, akakubali kumtoa mmoja mdogo. Lakini alipofika siku ya tatu, kamba dume alikuwa amekwisha kufa. Kijana alimtoa kwa kikombe, akakaa naye uani muda mrefu bila kusema neno.

Mwenye kutuletea alitueleza desturi ya wafugaji: wengi hawamtii kiti cha pweza mzima, bali humkata mkono mmoja, wakampa kamba, na yule aliyekatwa wakamweka tangi la peke yake hadi mkono uote tena, jambo ambalo huchukua miezi. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia kiumbe huyu kuota upya. Wapo wa jamii ya Linckia ambao mkono mmoja tu huweza kuzaa mwili mzima. Hana ubongo kama wetu, bali mishipa iliyozunguka kinywa na kuingia mikononi. Hata hivyo, kukata kiungo cha kiumbe hai si jambo la kufanyiwa mchezo mbele ya watoto. Mimi si mufti. Mwenye kutaka kufanya hivyo na ampelekee sheikh wake maelezo haya kama yalivyo, kisha amsikilize. Siku ile babu hakutaka kisu. "Mtieni mzima," alisema. "Kamba anaijua kazi yake."

Na aliijua. Hazikupita dakika kumi, jike aliyekuwa hatikisiki akatoka chini ya jiwe, akitembea moja kwa moja kama aliyeitwa kwa jina.

Kwa wale ambao tayari wanaye kiumbe huyu, nitaeleza kwa ufupi yanayomhifadhi. Kwanza, usimweke na kiti cha pweza unayetaka aishi, maana atamla. Pili, mabaki yaliyoanza kuoza yaondolewe siku hiyo hiyo, kwa kuwa huharibu maji yote. Tatu, dawa za samaki zenye shaba humwua kamba, usitie. Nne, kamba na kiti cha pweza hawavumilii maji kubadilika ghafla. Akifika mgeni, mzoeshe maji ya tangi tone kwa tone, kwa saa moja au zaidi. Hapa kwetu neno hili lina uzito wa pekee, kwani wengi huteka maji ya bahari ufukweni. Wakati wa mvua za masika mto Sabaki hushuka na tope, na ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo chumvi yake imepungua na vumbi la nchi limejaa ndani yake. Teka kabla ya mvua ukaweke akiba, au ngoja yatakate.

Basi je, kisa kiliishia hapo? La. Jioni moja kijana alinijia na karatasi. Alikuwa amepiga hesabu. Kiti kidogo cha pweza kilimtosha kamba wake mmoja majuma mawili hivi. Kwa mwaka ni viti 26. "Mwalimu," aliniuliza, "viumbe 26 kwa mwaka, kwa ajili ya mmoja nimtazame?"

Sikumjibu kwa haraka. Nilimkumbusha mambo mawili aliyoyasoma madrasa. La kwanza ni habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomwuliza kwa upole habari za ndege huyo alipokufa. Wanazuoni wametoa katika habari hiyo ruhusa ya kumweka ndege nyumbani, kwa sharti la kulishwa na kutoteswa. La pili ni habari waliyoipokea Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Kosa lake halikuwa kufuga. Kosa lilikuwa kufunga mlango wa riziki na kutofungua mwingine.

Kamba aliye mwambani hujitafutia, na viti vya pweza huko huzaana kwa mizani asiyoishika mwanadamu. Tukimtoa huko, mizani hiyo inahamia mkononi mwetu. Kila tunachomlisha tumekichagua sisi, na kila siku ya njaa tumeiandika sisi.

Kijana alikata shauri mwenyewe. Hakumtupa kamba wake baharini, na alifanya vyema, maana kiumbe aliyekaa tangini huweza kupeleka maradhi kwa wenzake, tena hakujua alitolewa mwamba gani. Alimkabidhi yule mtu wa Kilifi, mwenye matangi ya kutosha na chakula kisichotoka hifadhini. Alimbeba katika chombo chenye mfuniko, ndani ya matatu, akikikumbatia njia nzima. Samaki wake wengine anaendelea nao, wale ambao chakula chao anakimudu.

Mama yake aliniuliza kama mwanawe ameshindwa kazi. Nilimwambia kwamba wapo watu wazima walioshindwa na hesabu ile aliyoifanya mtoto wake.

Enyi wazazi, watoto wetu watapenda kufuga, na kupenda huko ni heri. Anapokuja mtoto na ombi la kiumbe yeyote, awe paka, kasuku au kamba wa madoa, msimwulize kwanza bei yake. Mwulizeni anakula nini, chakula hicho kinatoka wapi, na nani atakitoa siku ambayo yeye yuko shule. Jibu likikosekana, kiumbe na abaki alipo. Babu alisubiri siku kumi na moja aulizwe, na dume akafa. Waulizeni wazee wenu mapema.

Wabillahi tawfiq.