Hatutawaimbia Tena: Ilani ya Wanawake wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa

Sisi ni wanawake wa Kipokot, Kiturkana, Kimarakwet, Kitugen na Kisamburu. Tumezika waume na wana, na baadhi yetu tulioketi hapa bega kwa bega, mtoto wa huyu aliuawa na mtoto wa yule. Neno la kwanza la harakati yetu ni ungamo.

Tumewaimbia. Kijana aliyerudi na ng'ombe wa watu tulimpokea kwa vigelegele. Aliyeua alichanjwa begani, nasi tukazitazama chale zake kwa fahari. Aliyekataa kwenda tulimtungia nyimbo zisizotaja jina, ingawa kila mtu kisimani alijua anasemwa nani. Binti zetu tuliwafundisha kwamba asiye na ng'ombe si mwanamume, kisha tukakubali mahari ambayo kijana wa miaka ishirini hawezi kuipata kwa jasho lake. Alijua pa kuipata. Nasi tulijua anakokwenda usiku ule, tukamfungia chakula cha njiani.

Kwa hiyo anayetuambia kwamba mwanamke ni mtu wa amani kwa kuzaliwa, hatuwezi kuipokea sifa hiyo. Wapokot wana leketio, mshipi wa uzazi wa ngozi uliopambwa kwa kauri. Mama akiutandaza mbele ya wanaume walioshika silaha, hurudi nyuma, maana kuuruka ni kulilaani tumbo lililowazaa. Lakini mshipi huohuo ndio mama anaojifunga mwanawe anapoondoka kwenda kuvamia, ili risasi zimkose. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kwa ubakaji wa wanawake uliofanywa na watu waliokuwa chini ya mamlaka yake. Alikuwa waziri wa familia na wanawake. Tunalitaja jina lake katika ilani yetu wenyewe ili atakayejiunga nasi ajue tangu leo kwamba hatudai kuwa na damu tofauti.

Basi watu wetu wanapigania nini? Jibu linalorudiwa kila mwaka ni ukame. Sisi tunaochota maji tumeona mengine. Kiangazi kikikaza, wafugaji hupangiana zamu kisimani na kuombana malisho, kwa kuwa mwenye maji leo huenda akawa mwombaji kesho. Uvamizi huja baada ya mvua, nyasi zikiwa ndefu za kumficha mtu na ng'ombe wakiwa na nguvu ya kuswagwa usiku kucha. Watafiti waliochunguza Marsabit walikuta jambo hilohilo: waliouawa walikuwa wengi zaidi katika miaka ya mvua kuliko ya ukame. Njaa ipo, na inatuumiza, lakini si yenyewe inayolenga bunduki.

Bunduki zina historia yake. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa, na kilichokuwa vita vya mikuki kikawa kitu kingine. Katika uvamizi wa Murkutwo, Machi 2001, walikufa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Turbi, Julai 2005, watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliouawa. Bonde la Suguta, Novemba 2012, askari zaidi ya 40 waliotumwa kufuata mifugo hawakurudi. Na siku hizi ng'ombe wengi walioibwa hawafiki katika zizi la aliyewaiba. Lori linasubiri barabarani, na kabla ya wiki kwisha wamekuwa nyama mjini. Kijana anabaki na chale, na mtu ambaye hajawahi kusikia mlio wa risasi anahesabu pesa. Juu yake yuko mwanasiasa anayejua kwamba watu wakihama kwa hofu, mpaka nao unahama, na kura pamoja nao.

Tulipojiuliza kama mwanamke angeongoza kwa amani zaidi, tuliangalia mji wa Wajir. Mwaka 1993 koo zilikuwa zinauana, na soko lenyewe liligawanyika: mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua maziwa kwa yule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza hapohapo sokoni. Walikubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue kwa yeyote, wakaweka kamati ya kulisimamia jambo hilo siku kwa siku. Soko liliposhika, waliwaendea wazee, na mzee wa ukoo mdogo ndiye aliyepewa nafasi ya kusema kwanza, kwa kuwa hakuna aliyemwogopa. Mwaka huo wazee walitia saini azimio la Al Fatah. Kamati za amani zilizoenea baadaye katika wilaya za Kenya zilichukua mfano kutoka pale.

Hatuoni humo moyo wa kike uliokuwa mwororo kuliko wa kiume. Tunaona watu waliolazimika kukutana kesho. Aliyeshikwa na soko moja na kisima kimoja na adui yake, aliyeolewa kwao huku kaka zake wakiwa upande wa pili, huyo hesabu yake ya vita ni tofauti. Katika nchi yetu wengi wa watu hao ni wanawake, na hao ndio wasioalikwa wazee wanapoketi chini ya mti. Ndiyo maana tunadai kiti. Katiba ya 2010 imekwisha kusema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, nasi tunataka hesabu hiyo ifike hadi kwenye kamati ya amani ya kijiji, na tunataka kusema, si kupika chai ya kikao.

Lakini kwa kuwa tunajijua, tumejiwekea sharti. Hakuna mwanamke atakayetuongoza kwa kuungwa mkono na watu wake peke yao. Mpokot atasimama ikiwa Waturkana na Wamarakwet wamemkubali, na Mturkana vivyo hivyo. Siku wale wa upande wa pili watakapomkataa, ataachia nafasi, hata kama kwao wanampenda kupita kiasi. Tena wakati huo hasa.

Tunaacha nyimbo za kusifu uvamizi na za kuwaaibisha waliobaki nyumbani. Ng'ombe wa wizi hataingia katika mahari ya binti yeyote wa mwanachama wetu. Wenye ng'ombe wa jasho wachache wataoa kwa wachache, na wazee waliozoea kuhesabu makundi tutazungumza nao mmoja mmoja. Lori litakaloonekana likipakia usiku tutalitaja namba zake kwa chifu na kwa redio za lugha zetu zote, siku hiyohiyo. Serikali tunaitaka ikague alama na vibali katika kila mnada na kila machinjio, maana operesheni nyingi zimekuja kuchoma manyatta zetu, wala hazikufika kwa mnunuzi.

Mwanamume anayekubali haya anakaribishwa. Wapo tayari, wengine wana chale begani.

Siku ya soko ijayo tutakutana mpakani, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kutandaza bidhaa tangu mvua ya mwaka jana. Tutaanza kwa maziwa. Atakayekuja na leketio aje amelishika mkononi, wazi, watu walione, asilifunge kiunoni.