Gurudumu Lipimwe Kabla Mshahara Haujakatwa



Katika shamba moja la chai huku magharibi ya Uganda, dereva mmoja alikatwa mshahara miezi miwili mfululizo kwa sababu matairi ya mbele ya gari lake yaliisha upesi. Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani. Ndilo linalobeba wachumaji alfajiri na wagonjwa usiku, kwa hiyo hulala kambini kwetu. Meneja alisema dereva anakimbiza gari. Dereva alisema hakimbizi. Neno la meneja likageuka makato, neno la dereva likageuka kelele za ofisini.

Mimi si makanika. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaingia shambani kuchuma chai, kisha wenzangu wakanituma kazi ya chama. Lakini Jumapili moja tulilipima gari lile mbele ya nyumba za laini, mimi, dereva, na mzee mmoja aliyestaafu ufundi. Niliyoyaona siku ile nataka kila mwakilishi wa wafanyakazi ayajue.

Mzee alianza kwa kiganja tu. Alikipitisha juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja palikuwa laini, upande wa pili pakakwaruza kama msumeno. Ukingo wa ndani wa matairi yote mawili ulikuwa umeliwa kuliko wa nje. "Tairi hili halikuliwa na mwendo," akasema, "limeburutwa." Magurudumu ya mbele yakifunguka kwa mbele, tairi huliwa ndani. Yakifumba kupita kiasi, huliwa nje. Tairi haliwezi kumsingizia mtu.

Kisha tukapima. Vifaa vilikuwa jeki, magogo, chaki, msumari na futi ya seremala. Tulitafuta mahali palipo sawa, tukajaza upepo sawasawa, tukatikisa magurudumu kuona kama beringi na vichwa vya tairodi vimelegea. Vikiwa vimelegea, hakuna haja ya kupima, kwanza vibadilishwe. Tukaweka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, tukainua ekseli ya mbele na kuipumzisha juu ya magogo. Ndugu, asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake! Jeki si rafiki.

Tulipaka chaki katikati ya kila tairi, tukalizungusha huku msumari umetulia mahali pamoja, ukachora mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Tukashusha gari, tukanyoosha usukani, tukalisukuma mbele hatua chache ili magurudumu yakae. Tukapima kutoka mstari hadi mstari kwa mbele, kimo cha katikati ya gurudumu, tukatia alama. Tukalisukuma tena mbele mpaka alama zile zikafika nyuma kwa kimo kile kile, tukapima mara ya pili. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo jawabu.

Jawabu letu lilikuwa milimita 8: mbele palikuwa papana kuliko nyuma. Mtu atacheka aseme milimita 8 ni kitu gani? Tupige hesabu pamoja. Tairi lile lina upana wa kama sentimita 80 kutoka mbele hadi nyuma. Kila gurudumu limepinda milimita 4 katika milimita 800, yaani sehemu moja kwa 200. Basi katika kila kilometa moja, kila tairi linaburutwa kwa ubavu kama mita 5. Gari likienda kilometa 100, tairi limesuguliwa kwa ubavu nusu kilometa juu ya marram yenye mawe. Hata dereva mpole kama kondoo, tairi litaisha.

Sababu tuliiona chini. Tairodi, kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili, ilikuwa imepinda. Ikipinda inakuwa fupi, na kwa kuwa katika gari lile inakaa nyuma ya ekseli, huvuta nyuma ya matairi ndani, na mbele yakafunguka. Na dereva alikuwa ameandika mara mbili katika daftari la gari kwamba usukani unavuta tangu gari liingie shimo la darajani. Shimo lile lilikuwa halijazibwa. Daftari lilikuwa halijasomwa.

Mzee alikataa kuzungusha tairodi iliyopinda. Ilibadilishwa wiki iliyofuata, ndipo akalegeza klampu mbili na kuizungusha kwa spana ya bomba. Ncha moja ina nyuzi za kulia na nyingine za kushoto, kwa hiyo ukizungusha chuma chote kinarefuka au kinafupika. Alikaza, akapima tena, akarudia mpaka kipimo cha kitabu kikapatikana. Hapa pana onyo: msikisie. Kila gari lina kipimo chake. Land Rover ya Series III hutaka kufumba kati ya milimita 1.2 na 2.4. Ile ya Defender hutaka kufunguka kidogo, kati ya 0 na 2. Anayepeleka kipimo cha moja kwa nyingine anaharibu.

Wakubwa husema kazi hii yataka mashine ya mjini, na mjini ni mbali. Mashine ni nzuri, na kwa magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mkono wake inahitajika kweli. Lakini gari lenye ekseli nzima mbele, pembe zake nyingine zimewekwa na kiwanda, na kinachorekebishwa kwa kawaida ni hicho kimoja cha kufumba na kufungua. Kwa hicho, uwanja ulio sawa na futi vyatosha. Umbali wa mjini si sababu ya kuliacha gari linalobeba watu ishirini liende mrama, wala si sababu ya kumlipisha dereva.

Wengine kati yetu nao watasema chama kinahusikaje na tairodi. Kinahusika kwa sababu mkate wa watoto umekatwa juu yake. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mshahara utakatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya meneja haimo katika orodha hiyo.

Mwakilishi wetu alipeleka ofisini karatasi yenye vipimo viwili na nakala ya daftari. Makato ya mwezi wa tatu yalisimamishwa. Ya miezi miwili ya kwanza bado tunayadai, na hatutayasahau.

Kwa hiyo natoa maoni yangu. Kwanza, kila gereji ya shamba ipime magurudumu ya mbele kila mwezi, na kila gari linapogonga shimo au kisiki, na kipimo kiandikwe. Pili, asikatwe mtu shilingi kwa ajili ya tairi kabla gari halijapimwa mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Tatu, fundi anayefanya kazi hii alipwe kama fundi, asiitwe kibarua wa gereji.

Na sisi madereva na mataniboi tusijifiche nyuma ya madai. Gari likivuta, andika siku ile ile. Dereva aliyenyamaza ili asikaripiwe ndiye aliyempa meneja fimbo. Ndugu yetu aliponyoka kwa sababu aliandika, hata kama hakuna aliyesoma.

Futi moja na daftari moja, viwe katika kila kambi. Umoja ni nguvu, lakini umoja wenye vipimo mkononi una nguvu zaidi.