Aya, Vishawishi na Sala ya Sahibu

Ipo dhana iliyoenea katika nchi hii ya magharibi, tangu stendi ya Kitale mpaka njia panda ya Kanduyi, nayo husemwa kwa yakini kubwa hata imekuwa aibu kuihoji: kwamba mtu aliyejiwa na kishawishi akiitamka aya ya Biblia kishawishi hicho humkimbia, na kwamba rafiki yetu aliyeanguka, tukishamtaja katika sala zetu, deni letu kwake limekwisha. Nadai kwamba dhana hiyo, kwa jinsi inavyotumika kwetu, ni batili katika ncha zake zote mbili. Na nadai hivyo nikiwa mtu anayeiamini aya na kuiamini sala, maana asiyeviamini viwili hivyo hana sababu ya kusumbuka na namna vinavyotumiwa.

Tuanze na aya yenyewe. Inayotajwa mno ni ya 13 katika sura ya 10 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, walakini aghalabu haisomwi kama ilivyoandikwa, husemwa kwa muhtasari wa mtaani, kwamba Mungu hampi mtu jaribu asiloliweza. Muhtasari huo huambiwa mjane kaburini huko Webuye, huambiwa mkulima wa Kiminini ambaye mahindi yake yameota kuvu kwa mvua iliyokataa kukoma wakati wa mavuno, huambiwa mzazi aketiye kando ya kitanda cha mwanawe hospitalini. Na msemaji huondoka akiwa amefarijika kuliko aliyeambiwa. Paulo hakusema hivyo. Alikuwa akiwaandikia watu wa mji wa biashara uliojaa mahekalu, waliokuwa wakialikwa kwenye karamu za sanamu na kudhani kwamba maarifa yao yatosha kuwalinda. Akawakumbusha jinsi Waisraeli walivyoangamia jangwani ingawa walivuka bahari na kulishwa kutoka mbinguni. Akaonya, katika aya inayotangulia, kwamba anayejiona imara ndiye hasa wa kuchunga asianguke. Hapo ndipo akataja uaminifu wa Mungu na njia ya kutokea, na mara tu baada ya hapo, katika aya ya 14, akawaamuru wakimbie. Basi mwenye kuikata aya ya 13 akaiacha ya 12 na ya 14 ameondoa onyo na amri akabakiwa na bembelezo. Ama mizigo ya msiba na maradhi, Paulo yuleyule, katika sura ya 1 ya Waraka wa Pili, anakiri kwamba yeye na wenziwe walilemewa huko Asia kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi, na kwa hiyo anayemhakikishia mjane kwamba hajapewa asiloliweza anambishia mtume huku akidhani anamnukuu.

Zaburi ya 91 nayo imepatwa na mkasa wake. Imebandikwa kwenye vioo vya matatu, imetundikwa juu ya milango ya vyumba vya kupanga, na wapo watakaokuambia bila kutabasamu kwamba Biblia iliyofunuliwa hapo ikalazwa chini ya mto humkinga mwanao na kila baya la usiku. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakaweka kituo Lugulu, waliwahimiza babu zetu wavue hirizi. Wajukuu tumezirudisha, safari hii zikiwa za karatasi, na yule dereva mwenye zaburi kiooni hulipita lori kwenye kona bila kuona mbele, kwa kuwa amekwisha kujikabidhi katika himaya asiyodaiwa lolote nayo.

Jambo lisilohubiriwa vya kutosha ni kwamba zaburi hiyohiyo ndiyo aliyoisoma Shetani. Katika sura ya 4 ya Mathayo, alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, mjaribu alichukua aya ya 11 na ya 12 za Zaburi ya 91, zile za malaika wanaomchukua mtu mikononi, akazitumia kumshawishi ajitupe chini. Akasita kabla ya kufika ya 13, ambamo nyoka hukanyagwa, na sidhani kwamba alisita kwa kusahau. Maadamu ni hivyo, kuijua aya kwa moyo hakuwezi kuwa ndiko kunakomtenga mshawishiwa na mshawishi, kwa kuwa katika kisa hicho wote wawili walikuwa hodari wa kusoma. Naye Yesu alijibu kwa maneno matatu, na yote matatu yametoka katika sura ya 6 na ya 8 za Kumbukumbu la Torati, yaani katika wasia waliopewa watu waliozunguka jangwani miaka 40 wakifundishwa kwa njaa. Alijibu hivyo mtu aliyekuwa mwenyewe jangwani, mwenyewe na njaa, kwa siku 40. Hakuokota kipande kilichomwangukia mkononi. Alikuwa amekwisha kuamua atamtii nani, na aya ikawa ndiyo lugha ya uamuzi wake. Kinyume chake, Yusufu wa sura ya 39 ya Mwanzo, mkewe Potifa alipomshika vazi, hakuwa na aya hata moja ya kutamka, kwa kuwa Torati ilikuwa haijaandikwa; aliliacha vazi akatoka mbio, na hadi leo hakuna aliyemlaumu kwa upungufu wa maandiko.

Sasa tutazame kishawishi cha siku zetu, maana ni rahisi kuhubiri juu ya Potifa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 na kuitia benki katika mfuko wa suruali, na kampuni za kubahatisha zikafuata mfereji huohuo, kijana wa bodaboda anayengoja abiria usiku pale Kanduyi ana Biblia na ule mchezo wa ndege uitwao Aviator katika simu moja, kimoja kando ya kingine, na kidole ni kilekile. Mkulima wa Trans Nzoia aliyeuza magunia yake baada ya mavuno, akaona kwa muda mfupi fedha ambayo hataiona tena mpaka mwaka mwingine, anaijua hadaa hiyo pia, na karo ya Januari ndiyo inayoliwa. Watu hawa si makafiri. Wengi wao wataisoma ile aya kabla ya kucheza, na wengine wataisoma katikati ya kucheza, kama ombi la kulindwa wasipoteze. Njia ya kutokea aliyoitaja Paulo, kwa mtu wa namna hii, ni kitu kikavu kisichovutia machozi: kuifuta ile programu, kuzihamishia fedha katika akiba ya kufunga, kama ile ya M-Shwari, ambayo lengo lake hasa ni kumzuia mwenye fedha asizifikie upesi, kumkabidhi mke daftari la mahesabu, kutojikalisha peke yake na simu saa sita za usiku. Sijapata kusikia akiba ya kufunga ikitajwa mimbarani, ilhali mikesha ya kukemea roho ya kamari nimeisikia mingi, vipaza sauti vikiwa vimeelekezwa madirishani mwa watu waliolala.

Ncha ya pili ya dhana hii ndiyo iniudhiyo zaidi, kwa sababu ya kwanza humdhuru anayeiamini, na hii humdhuru mwenzake. Husikika hivi: fulani amerudia chang'aa, au amekopa kwa watu wabaya, au ameanza kumfuata mke wa jirani, na sisi, marafiki zake, twasema tunamwombea. Mara nyingi hata yeye hajui kwamba anaombewa, ila kikundi kizima cha WhatsApp cha akina mama na cha vijana kinajua, kwa kuwa ombi lilipelekwa huko likiwa na jina, kosa na tarehe, chini ya kichwa cha kumkumbuka ndugu yetu. Usengenyaji ambao tungeuonea haya sokoni Chwele tunaufanya bila haya palipo na neno sala. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, ameweka utaratibu ulio wazi kuliko tunavyopenda, kwamba kuungamiana kutangulie ndipo kuombeana kufuate, na kuungamiana hakuwezekani bila watu wawili kukaa uso kwa uso, tena kila mmoja akiwa na lake la kusema. Sisi tumeliruka la kwanza tukashika la pili. Huyohuyo Yakobo, katika sura ya 2, amemdhihaki waziwazi mtu anayemtakia mwenye njaa shibe na mwenye baridi joto kisha akamwacha vivyo hivyo. Naona ajabu kwamba sura hiyo haijawahi kutundikwa kwenye kioo cha gari.

Nitajibiwa kwamba sala ina nguvu hata mwombewa asipojua, na kwamba mimi naupunguza uweza wa Mungu. Siupunguzi. Natazama tu jinsi sala hiyo ilivyoombwa na aliyeijua kuliko sisi. Katika sura ya 22 ya Luka, Yesu anamwambia Petro usoni, mezani, wenzake wakisikia, kwamba amemwombea imani yake isikome. Anamwambia pia kwamba atamkana, na kwamba akisharudi awaimarishe ndugu zake. Sala ile haikumzuia Petro kuanguka kabla jogoo hajawika. Ilimwekea mahali pa kurudi na kazi ya kufanya akirudi, nayo ilisemwa na mtu ambaye baada ya saa chache aliwasihi marafiki zake hao wakeshe pamoja naye, wakalala. Kadhalika wale wanne wa sura ya 2 ya Marko, waliompeleka mwenye kupooza, hawakumtuma mtu na karatasi ya maombi. Walimchukua na mkeka wake na wakatoboa paa la nyumba ya watu.

Wala sisemi jambo ambalo Afrika Mashariki haikulijua. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe huko Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana wakasoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, katika zama ambazo Mzungu kumkiria Mwafrika lilikuwa jambo la kushangaza. Na kutoka katika urafiki wa namna hiyo ukaenea Uamsho uliofika Kabete mwaka 1937 na Maseno mwaka uliofuata. Ndugu wale wa Uamsho walikuwa na taksiri zao, nazo si haba: walipenda kuhukumu mavazi, na wapo walioungama dhambi za jana kwa fahari iliyokuwa dhambi ya leo. Lakini mtu aliyekuwa mlevi miongoni mwao hakuachwa arudi nyumbani peke yake siku ya mshahara. Walimjia kazini.

Wengine wataniletea ule upanga wa Roho ulio katika sura ya 6 ya Waefeso, nami naupokea, ila nawaomba wausome pamoja na viatu vilivyotajwa kabla yake.

Katika Bungoma tohara hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, na busaa hupikwa karibu kila boma lenye sherehe. Kila mwaka wa namna hiyo ukija, makanisa hutangaza mfungo na mikesha dhidi ya ulevi, na waumini hujifungia ndani wakiomba kwa ajili ya walio nje. Yupo nje, miongoni mwa hao wanaoombewa, mtu aliyeacha pombe tangu Pasaka, ambaye hawezi kukosa tohara ya mtoto wa ndugu yake, na ambaye ana bakoki wake kumi, yaani wale waliotahiriwa wakati mmoja naye, ambao kwa ada za Kibukusu wana ruhusa ya kumwambia ukweli asioweza kuambiwa na mchungaji. Watano kati yao wameokoka na wako kanisani. Mmoja wao akitoka kwenye mkesha huo, akaenda akaketi naye mpaka jioni, akanywa chai yake pale penye mtungi na kustahimili mzaha wa wazee, kisha akamsindikiza mpaka kwake, mchungaji ana wajibu wa kuacha kumwandika katika orodha ya waliokosa maombi.