Dhoruba ya baharini ina jina, mvua ya mawe ya Kericho haina

Mei 3, 2024, Rais William Ruto aliahirisha ufunguzi wa shule zote nchini. Mafuriko yalikuwa yashaua watu wengi, na sasa kimbunga Hidaya kilikuwa kinaelekea Pwani. Wanafunzi wa Kericho na Bomet, mamia ya kilomita kutoka baharini, nao wakabaki nyumbani hadi Mei 13.

Lakini hebu jiulize, nani huita janga Hidaya, yaani zawadi?

Hakuna aliyetaka mzaha. Nchi za upande huu wa Bahari Hindi, Kenya ikiwemo, huandaa orodha ya majina mapema, kwa mpangilio wa alfabeti. Machi mwaka huo Gamane ilikuwa imepiga Madagascar, kwa hivyo zamu ya H ilikuwa imefika. Baada ya Hidaya ikaja Ialy. Upepo ukifikisha kilomita 63 kwa saa, dhoruba inapewa jina: Madagascar hulitoa ikiwa iko magharibi mwa longitudo 55, Mauritius ikiwa mashariki. Jina likishatumika linafutwa.

Kericho haiwezi kuingia kwenye orodha hiyo. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, tena mbali kidogo na ikweta, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii upepo kujikunja. Kericho haifiki hata digrii moja kutoka ikweta.

Kinachopiga huku ni mvua ya mawe. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milimani, na alasiri mawingu hupasuka. Eneo hili hupata mvua hiyo zaidi ya siku 100 kwa mwaka, idadi ambayo sehemu chache sana duniani zinaikaribia. Miaka ya 1960 ndege zilianza kurushwa kumwaga kemikali mawinguni ili kuinusuru chai.

Dakika 15 zinatosha. Majani mawili na chipukizi, ndicho kiwanda kinachotaka, yanabaki vipande vipande. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na hapo hakuna kilo. Shamba la jirani ng'ambo ya mto linaweza kuwa salama kabisa, na ndiyo maana habari hii haivuki lokesheni.

Kuipa jina haina maana, inaisha kabla hujamaliza kulitamka. Ila serikali za kaunti zingeweza kuweka rekodi ya wazi ya tarehe, kijiji na ekari zilizoharibika. Bila hiyo, mkulima ataidai bima kwa ushahidi gani?

Na majina ya baharini yasipuuzwe milimani. Machi 2019, Idai ilipobomoa Beira kule Msumbiji, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilieleza kuwa kimbunga hicho kilichangia kuchelewesha mvua ndefu. Beira ilizama majini. Huku watu walikuwa wanatazama anga kavu.