Jua Kilichopo Chini ya Kitufe

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, msimu wa miradi ndio huu. Kila kikundi kinachotengeneza mfumo kitadaiwa mwongozo wa mtumiaji, na wengi watakimbilia programu za kuandikia miongozo: RoboHelp, MadCap Flare, HelpNDoc na nyinginezo. Unaandika, unapanga mada, unabofya kitufe, mwongozo huo! Safi kabisa. Ila mimi nasema usikibofye kitufe hicho kabla hujajua kinachotoka ni kitu gani.

Chukua faili la .chm, lile la msaada kwenye Windows. Kwa nje unaona kitabu: orodha ya mada kushoto, maelezo kulia. Ndani yake ni kurasa za HTML za kawaida, picha, faili la yaliyomo na la faharasa, vyote vimebanwa pamoja. Anayelijua hilo, ukurasa ukivurugika anafungua HTML na kutafuta tagi iliyoachwa wazi. Asiyelijua anahangaika na menyu usiku kucha, halafu anailaumu programu. Hata .docx ni hivyo hivyo: nakili faili lako, badilisha kiishio kiwe .zip, lifungue. Utakuta XML tupu.

Kuna atakayeniambia, "Acha hizo, dereva si lazima awe fundi." Kweli. Lakini hakuna dereva asiyejua kama gari lake linakunywa petroli au dizeli. Hicho tu ndicho ninachodai. Sisemi kila mtu aandike tagi kwa mkono.

Tena programu hizi hazidumu. Miongozo ya Windows 3.0, mwaka 1990, iliandikwa kwa RTF na kufungwa kuwa faili la .hlp. Mwaka 1997 Microsoft ikaleta HTML Help, yaani hiyo .chm. Windows Vista ilipotoka, haikuja tena na programu ya kufungulia .hlp. Aliyetunza maandishi yake ya RTF alikuwa na pa kuanzia. Aliyebaki na .hlp peke yake, pole yake.

Sasa fikiria zahanati au SACCOS uliyoitengenezea mfumo. Wewe umeshahitimu, umeenda zako. Toleo la majaribio ulilotumia limeisha muda, na leseni hakuna wa kuilipia. Fomu ya kusajili mgonjwa imebadilika, mwongozo bado unaonyesha ile ya zamani. Kama uliacha HTML au Markdown, kijana yeyote wa IT atairekebisha hata kwa Notepad. Kama uliacha faili la mradi linalofunguka kwa programu moja tu, umewaachia kufuli bila ufunguo, na muuguzi mgeni atajifunza kwa kubahatisha kwenye taarifa za wagonjwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu, jiulize: inahifadhi maandishi yangu kwa muundo gani? Nikiiondoa kwenye kompyuta kesho, nitayasoma kwa kitu gani?

Na walimu wetu, tunaomba kipindi kimoja tu cha maabara cha kufungua mafaili haya na kuona kilichomo. Kisha, siku ya kukabidhi mradi, msipokee PDF peke yake. Daini na maandishi ya asili, na myape maksi.