Mkulima asiyeona naye alinde siri ya fedha zake

Mnada wa korosho au ufuta wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ukimalizika, habari za bei husambaa kwa simu. Mkulima asiyeona hulazimika kumwita mtu amsomee ujumbe, pengine na kumtajia namba ya siri. Hapo fedha huweza kupotea.

Kumbe simu za Android zina TalkBack, programu iliyoanza mwaka 2009, inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo. Siku hizi husoma hata Kiswahili. Hainunuliwi, huwashwa kwenye mipangilio ya simu. Kinachokosekana ni mwelekezaji.

Vyama vya msingi, ambavyo hukata ushuru katika kila kilo, vitenge siku moja kabla ya msimu kuwafundisha wanachama hawa. Jasho ni lao. Siri nayo iwe yao.