Kinyonga wa Hamburg na Hasira za Wapenzi Wake

Leo tunawaomba radhi wasomaji wetu. Tumezoea katika safu hii kuzungumzia chaguzi, katiba na bei ya mchele, lakini wiki hii tumeona tuyaweke hayo pembeni tuzungumzie muziki, tena muziki wa Wajerumani, tena ule wa makelele ambao wengi wetu tukiusikia kwa jirani hufunga dirisha. Tunajua yupo atakayeuliza: jamani, haya yanatuhusu nini? Tunamuomba avute subira kidogo, maana tunaamini yanatuhusu.

Jambo lenyewe tulilikuta kazini, wakati wa mapumziko ya chai. Wajerumani wawili, mmoja mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwingine kijana anayeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, walikuwa wakibishana juu ya albamu iliyotoka mwaka 1993 kana kwamba imetoka jana. Mzee anasema albamu ile ni aibu na ilikuwa usaliti. Kijana anasema ile ndiyo albamu ambayo wanamuziki wale walithubutu kusema yaliyo moyoni mwao. Sauti zikapanda, chai ikapoa. Sisi tuliokuwa tunasikiliza pembeni tukatamani kujua kuna nini ndani ya hiyo albamu hata watu wazima wagombane miaka thelathini baadaye.

Albamu inaitwa Chameleon, yaani Kinyonga, na bendi ni Helloween ya mji wa Hamburg. Kwa wasiowajua, Helloween walianza mwaka 1984 na alama yao tangu hapo ni boga lililochongwa uso. Hao ndio wanaohesabiwa na wengi kuwa waanzilishi wa kile kinachoitwa pawa metali: hevi metali inayokwenda mbio, ngoma za miguu miwili zisizopumzika, magitaa mawili yanayoimba pamoja kama ndugu, na juu yake mwimbaji mwenye sauti ya kupasua mawingu. Tofauti na hevi metali nyingine zinazopenda giza na hasira, hii ina furaha ndani yake, na viitikio vyake ni vya kuimbwa na uwanja mzima.

Mwaka 1985 walitoa albamu yao ya kwanza kamili, Walls of Jericho, ambapo mpiga gitaa Kai Hansen alikuwa pia ndiye mwimbaji. Kisha wakampata kijana wa miaka 18, Michael Kiske, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwaka 1987 ikatoka sehemu ya kwanza ya Keeper of the Seven Keys, na mwaka 1988 ikafuata ya pili. Bendi ilitaka zitoke pamoja kama albamu moja ya santuri mbili, kampuni ikakataa. Albamu hizi mbili kwa mpenzi wa muziki huu ni kama msingi wa nyumba. Bendi chungu nzima, kuanzia Ujerumani yenyewe hadi Italia, Finland na Brazil, zimejengwa juu yake.

Sasa mtu akishakula asali ya namna hiyo hataki kuambiwa kesho kuna uji. Hansen aliondoka baada ya sehemu ya pili na kuunda bendi yake ya Gamma Ray, nafasi yake ikachukuliwa na Roland Grapow. Helloween wakahama kutoka kampuni ndogo ya Noise kwenda kampuni kubwa ya EMI, wakaingia katika ugomvi wa mkataba uliowafikisha mahakamani. Albamu ya mwaka 1991, Pink Bubbles Go Ape, iliwachanganya wapenzi kuanzia jina hadi picha ya jalada. Ndipo mwaka 1993 akaja Kinyonga.

Tumeisikiliza albamu hiyo mara kadhaa kabla ya kuandika makala haya, maana tuliona si haki kutoa maoni juu ya chakula tusichokionja. Ina nyimbo 12 na inapita dakika 70. Ukisoma majina ya watunzi unaona jambo la ajabu: Kiske ana nyimbo nne, Michael Weikath ana nne, Grapow ana nne. Inaonekana kama urithi uliogawanywa na kadhi, kila mmoja na fungu lake, na ukisikiliza unauhisi mgawanyo huo. Katika wimbo mmoja mna tarumbeta za muziki wa dansi wa zamani. Katika mwingine kuna saksafoni. Upo wimbo laini juu ya kinu cha upepo unaoweza kumbembelezea mtoto, na upo wa kufungia albamu wenye vinanda vya okestra. Mbio za magitaa zipo, ila ni za kutafuta.

Na aliyeketi kwenye mitambo ya studio ni Tommy Hansen wa Denmark, yule yule aliyeshiriki kuzitengeneza albamu mbili za Keeper. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kwamba walipotoshwa na mgeni asiyejua bendi hii inatakiwa isikike vipi. Walijua walichokuwa wanafanya.

Maoni ya wapenzi, kwa jinsi tulivyoyasikia katika mabishano ya namna hii, yanagawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mzee wetu wa kazini: hawasamehi. Wao hoja yao ni ile ya wahenga, usiache mbachao kwa msala upitao. Mlikuwa na muziki wenu mlioubuni wenyewe, dunia nzima inawaiga, nyinyi mnakwenda kuokota vya watu? Fungu la pili ni la wapatanishi. Hawa wanasema nyimbo ni nzuri, kosa ni jina lililoandikwa juu ya jalada. Zingetoka kwa jina jingine wala kusingekuwa na ugomvi. Fungu la tatu ni la vijana, waliozaliwa au kukua baada ya 1993, ambao waliikuta albamu rafuni pamoja na nyingine zote. Hao hawakusubiri chochote, kwa hiyo hawakuvunjwa moyo. Wanasikiliza tu, na wengi wao wanaipenda.

Kwa maoni yetu, fungu la kwanza lisidharauliwe. Ni rahisi kwa mtu wa nje kuwacheka wapenzi na kusema muziki ni muziki tu. Lakini kijana wa 1993 alikuwa akiweka akiba ya pesa zake ndogo, anakwenda dukani, ananunua diski kwa kuliamini jina. Jina la bendi ni ahadi. Mwenye mgahawa aliyejulikana kwa pilau akaamua siku moja kupika tambi bila kubadilisha kibao cha mlangoni, asishangae wateja wakinung'unika. Mpenzi ana haki ya kutonunua, ana haki ya kutokwenda kwenye onyesho, na ana haki ya kusema wazi kwamba hakupenda. Hiyo ndiyo haki yake yote, na ni kubwa.

Ila haki hiyo ina mpaka, na hapa ndipo tunapoachana na mzee wetu. Neno "usaliti" si neno la kutupa hovyo. Sisi wenye kazi hii ya kuandika tunalijua uzito wake, maana wapo kati yetu walioitwa wasaliti na wakalazimika kufunga mizigo usiku. Msaliti ni mtu anayeuza alichokabidhiwa. Hawa walimuuza nani? Kama wangekuwa wanatafuta pesa, njia fupi ilikuwa kurudia Keeper mara ya tatu, na duka lingejaa. Badala yake kila mmoja alileta kilichokuwa moyoni mwake mwaka ule. Hata ukisema wamekosea, na kwa sehemu walikosea maana albamu ni ndefu kupita kiasi na haina mshikamano, kosa la mtu anayetafuta si sawa na kosa la mtu anayeuza.

Kuna jambo jingine ambalo hasira za wapenzi hazikuliona. Mpiga ngoma wa bendi tangu mwanzo, Ingo Schwichtenberg, alikuwa mgonjwa. Alisumbuliwa na maradhi ya akili, na juu yake ulevi wa pombe na madawa. Grapow alimwandikia mwenzake wimbo ndani ya albamu hiyo hiyo, Step Out of Hell, kumsihi atoke katika moto ule. Kwa hiyo wakati watu wanapiga kelele kwamba bendi yao imepoteza mbio, ndani ya bendi palikuwa na mtu anayezama na wenzake wanajaribu kumtupia kamba. Mwaka huo huo wa 1993 Schwichtenberg alitolewa kwenye bendi kwa kuwa hakuweza tena kuendelea na ziara. Kiske naye akatimuliwa baada ya kutoelewana na wenzake. Tarehe 8 Machi 1995 Schwichtenberg alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 29.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi wapenzi ndio waliomuua, hilo lingekuwa uongo na dhuluma, maana maradhi yale yalikuwa na njia yake. Tunachosema ni kwamba nyuma ya albamu iliyochukiwa wamo watu, na mara nyingi anayehukumu hajui siku ile ndani ya nyumba ile kulikuwa na msiba gani. Wahenga walituambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1994 bendi ilimchukua Andi Deris kutoka Pink Cream 69, ikatoa Master of the Rings, na mbio zikarudi. The Time of the Oath ya mwaka 1996 waliitoa kwa kumkumbuka Ingo. Kiske alikaa mbali na muziki huu kwa miaka, akiusema vibaya, hata alipokubali kuimba katika albamu ya Avantasia mwaka 2001 hakutaka jina lake litajwe, akaandikwa "Ernie". Wapenzi wakagawanyika tena: wa Kiske huku, wa Deris kule. Halafu mwaka 2017 likatokea ambalo wengi walishaapa halitatokea. Kiske na Hansen wakarudi, Deris akabaki, wote wakapanda jukwaa moja. Albamu waliyoitoa pamoja mwaka 2021, iliyobeba jina la bendi tu, ilishika namba moja katika chati za Ujerumani.

Katika kuirekodi albamu hiyo, mpiga ngoma wa sasa, Daniel Löble, alitumia ngoma za marehemu Ingo. Na katika ziara ile iliyoanza 2017 walikuwa wakimwonyesha marehemu kwenye skrini kubwa akipiga, na Löble akimjibu kutoka jukwaani. Waliokuwa wamenuna tangu 1993 walisimama pale pale pamoja na watoto wao. Sisi tunaona ile ndiyo hukumu ya mwisho ya kesi hii: wanamuziki wenyewe walisameheana kabla ya baadhi ya wapenzi wao.

Turudi kwa mzee wetu wa kazini. Siku moja tulimuuliza kwa upole, hivi Chameleon uliisikiliza mara ya mwisho lini? Akafikiri kidogo, akajibu: "Mwaka 1993. Mara moja na nusu." Kisha akacheka mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa anagombana na albamu asiyoijua, anailinda kumbukumbu ya kijana aliyekuwa yeye akiwa na miaka 20.

Tulicheka naye, lakini tulipofika nyumbani kicheko kikatuishia. Maana sisi tulio ughaibuni ndio tabia yetu hii hii. Mgeni akifika kutoka nyumbani tunamuuliza habari, akitueleza tunabishana naye, tunamwambia mji haukuwa hivyo, watu hawakuwa hivyo, muziki haukuwa hivyo. Tukisikia nyimbo za vijana wa leo tunasema wameharibu. Ukituuliza mara ya mwisho tuliketi lini tukasikiliza moja mpaka mwisho, jibu letu ni mwaka tuliopanda ndege. Tunaipenda nchi kama ilivyokuwa siku ile, na tunaikasirikia kwa kosa la kuendelea kuishi bila sisi.

Na wasomaji wetu mlioko nyumbani, nanyi mnatufanyia hivyo hivyo. Mtu akirudi baada ya miaka ishirini na lafudhi imeteleza kidogo, au akakataa sukari kwenye chai, haraka anaitwa kigeugeu, kinyonga. Kinyonga habadilishi rangi kwa unafiki, jamani. Hubadilika kwa joto, kwa mwanga, kwa hofu, na hata anapotaka kusema jambo na kinyonga mwenzake. Ndivyo alivyoumbwa ili aishi.

Ushauri wetu ni mdogo. Kila mmoja wetu anayo Chameleon yake, kitu alichokikataa siku moja kwa hasira na hajakirudia tena. Inaweza kuwa ni wimbo, inaweza kuwa ni mji, inaweza kuwa ni ndugu. Akisikilize tena mpaka mwisho. Akiona bado hakipendi, basi aseme hakipendi, hapo atakuwa na haki. Mzee wetu tumemwazima diski wiki iliyopita. Bado hajairudisha.